Chipu imeonekana, draiva imekataa: vihisi vya joto na feni kwenye Linux

Swali

Fundi, shikamoo. Nipo Tanga, nahariri video za harusi. Kompyuta yangu ya mezani niliiunga mwenyewe: Ryzen 5 5600X na feni yake ya kiwandani, bodi ya ASUS ya B550, kadi ya picha ya NVIDIA, Ubuntu 22.04, kerneli 5.15. Wiki ya tatu sasa inazima ghafla nikiwa narenda video ndefu, hasa mchana. Nikaweka lm-sensors ili nijue joto na mzunguko wa feni. Amri ya `sensors` inaleta k10temp na diski ya NVMe, basi. Feni hakuna, volteji hakuna. Nikaendesha `sensors-detect`, nikajibu YES kila swali. Ikasema imeona chipu ya Nuvoton, anwani 0x290, draiva `nct6775`. Nikiandika `sudo modprobe nct6775` ili kuipakia draiva hiyo, najibiwa "No such device". Jamaa mmoja ameniambia niongeze `acpi_enforce_resources=lax` kwenye GRUB, ile programu inayowasha Linux. Niongeze? Au chipu imekufa?

Jibu

Marahaba, kijana wangu. Chipu yako ni nzima, na hiyo `lax` usiiongeze kwanza. Tena namba unayoihitaji kuliko zote kwa tatizo lako la kuzima tayari iko mbele ya macho yako. Nitaifikia, lakini nianze na swali ulilouliza, maana watu wengi wanakwama pale pale ulipokwama wewe.

Umeshangaa kwamba programu moja inasema chipu ipo, nyingine inasema hakuna kifaa. Zote mbili zinasema kweli. `sensors-detect` ni mpelelezi tu. Inafungua `/dev/port` yenyewe, inagonga anwani 0x2e na 0x4e ambako chipu za aina ya Super I/O, zile za bodi zinazosimamia feni na vihisi, husikiliza, inasoma namba ya utambulisho, inaandika jina la chipu na draiva inayofaa. Hapo kazi yake imekwisha. Haiangalii kama kuna mwingine ndani ya mashine aliyekwisha kujimilikisha hizo anwani. Draiva ndani ya kerneli haina uhuru huo. Kabla haijagusa chochote inauliza: hili eneo ni la nani? Ikiambiwa lina mwenyewe, inarudi nyuma. Haikupata kifaa cha kushika, kwa hiyo `modprobe` inakurudishia "No such device", maneno yanayomfanya mtu adhani chipu imeungua.

Ukweli wenyewe umeandikwa kwenye kumbukumbu za kerneli. Andika:

`sudo modprobe nct6775`
`sudo dmesg | tail -n 15`

Kwa bodi ya aina yako nategemea uone mistari ya namna hii:

`nct6775: Found NCT6798D or compatible chip at 0x2e:0x290`
`ACPI Warning: SystemIO range 0x0000000000000295-0x0000000000000296 conflicts with OpRegion 0x0000000000000290-0x0000000000000299`

Isome taratibu. Mstari wa kwanza: draiva imeiona chipu, hata jina imelitaja. Mstari wa pili: poti mbili ambazo draiva inazitaka, 0x295 na 0x296, zimo ndani ya eneo ambalo BIOS ya bodi yako, kupitia ACPI (maelezo ambayo BIOS huipa kerneli kuhusu vifaa vya mashine), imetangaza kuwa ni lake. Hapo ndipo kerneli ilipokataa. Mtu asiyefungua `dmesg` anaweza kubadilisha draiva, kuweka upya Ubuntu, hata kununua bodi nyingine, na asijue kwamba alikuwa anakatazwa kwa adabu tangu mwanzo.

Sasa, kwa nini kerneli iwe kali hivyo kwa ajili ya kusoma joto tu? Kwa sababu kusoma kwenyewe si kusoma tu. Chipu hii ina rejista nyingi lakini milango miwili. Kwenye 0x295 unaandika namba ya rejista unayoitaka, kisha kwenye 0x296 unasoma au kuandika thamani yake. Na kwa kuwa rejista ni nyingi kuliko namba zinazotosha kwenye mlango mmoja, zimegawanywa kwa mafungu, na kabla ya yote lazima uchague fungu. Fikiria karani mwenye daftari moja na mabosi wawili wasioonana. Bosi wa kwanza anasema, "Fungua ukurasa wa nne." Kabla hajaendelea, wa pili anapita: "Fungua ukurasa wa kwanza, nisomee." Anasomewa, anaondoka. Wa kwanza, asiyejua kilichopita, anasema, "Haya, andika ishirini." Karani anaandika ishirini kwenye ukurasa wa kwanza. Bosi wa kwanza ni BIOS yako inayopanga kasi ya feni, wa pili ni Linux. Ile ishirini inaweza kuangukia kwenye rejista ya kasi ya feni ya prosesa.

Hicho ndicho `acpi_enforce_resources=lax` inachoruhusu. Inaiambia kerneli itoe onyo tu halafu iache mabosi wote wawili waingie. Kwenye mashine nyingi haitatokea kitu kwa miezi, na ndiyo maana ushauri huo unasambaa. Mimi naukubali kwa hali moja tu: mchana mmoja wa uchunguzi, ukiwa umekaa mbele ya mashine, hakuna kazi ya mteja iliyofunguliwa. Hata hapo, usiuandike kwenye `/etc/default/grub`. Kwenye menyu ya GRUB bonyeza herufi `e`, ongeza maneno hayo mwishoni mwa mstari unaoanza na `linux`, kisha Ctrl+X. Ukizima na kuwasha tena yamefutika yenyewe. Na ukiwa katika hali hiyo usiguse `pwmconfig` wala `fancontrol`, kwa sababu hizo zinaandika kwenye chipu kwa makusudi.

Kwako wewe kuna njia iliyo nzuri zaidi, na ni bahati ya bodi uliyonayo. Bodi nyingi za ASUS za kizazi hicho zina mlango rasmi uitwao WMI, ambapo Linux inaiomba BIOS yenyewe iisomee rejista. Bosi wa pili sasa anapitia kwa wa kwanza, na daftari halina ugomvi. Draiva ya `nct6775` ilifundishwa njia hii baada ya kerneli 5.15, na ndani yake mna orodha ya majina ya bodi zinazokubalika. Kerneli yako imekosea hatua moja tu: ni ya zamani kidogo. Huna haja ya kuhamia Ubuntu mpya. Andaa bando la kutosha, maana mzigo si mdogo, kisha:

`sudo apt update`
`sudo apt install linux-generic-hwe-22.04`

Hii inakuletea kerneli ya mfululizo wa 6 juu ya Ubuntu hiyo hiyo. Baada ya kuwasha upya hakikisha kwa `uname -r`, uangalie pia kama kadi ya NVIDIA bado inafanya kazi kwa kuandika `nvidia-smi`, kwa sababu draiva yake hujengwa upya kila kerneli inapobadilika na mara chache hukwama hapo. Kisha `sudo modprobe nct6775`, halafu `sensors`. Kifaa kipya kiitwacho `nct6798-isa-0290` kikitokea, umemaliza. Kisipotokea, andika `cat /sys/class/dmi/id/board_name` unitumie jina kamili la bodi. Huenda halimo kwenye orodha ya kerneli uliyopata.

Ili draiva ijipakie kila ukiwasha:

`echo nct6775 | sudo tee /etc/modules-load.d/nct6775.conf`

Na hapa niseme jambo kuhusu kujibu YES kila swali. Usirudie. Kila swali la `sensors-detect` lina jibu lililopendekezwa, limeandikwa kwa herufi kubwa, na kubonyeza Enter ndiko kulikubali. Waandishi wake waliyapanga hivyo kwa uchungu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, baadhi ya ThinkPad za IBM zilikuwa na chipu ya kumbukumbu ya Atmel 24RF08 ambayo upekuzi wa basi ya I2C, njia ya mawasiliano ya chipu ndogo za bodi, uliweza kuiharibu, na laptopu ikakataa kuwaka kabisa. Mashine nzima imekufa kwa sababu mtu alitaka kujua joto! Tangu hapo maswali yenye hatari jibu lake lililopendekezwa ni NO. Lipo swali moja tu ambalo kwenye Debian na Ubuntu ni salama kuandika yes ingawa limependekezwa NO: lile la mwisho kabisa, linalouliza kama liongeze majina ya moduli, yaani draiva, kwenye `/etc/modules`. Wanaobonyeza Enter hadi mwisho ndio wanaolalamika kwamba baada ya kuwasha upya kila kitu kimepotea.

Chipu ikishafunguka, jiandae kuona takataka nyingi. Utaona feni saba, na zako ni mbili. Zinazoonyesha 0 RPM (mizunguko kwa dakika) ni soketi tupu kwenye bodi. Utaona AUXTIN ikidai nyuzi 127 au chini ya sifuri hapo hapo Tanga. Huo ni mguu wa chipu ambao kiwanda hakikuunganisha kihisi chochote. Utaona volteji ya 1.00 mahali ulipotegemea 12. Chipu hizi hupima kwa hatua za milivolti 8, hatua 255, kwa hiyo mwisho wake ni volti 2.04, na ile 12 inapunguzwa kwanza kwa vipingamizi vya bodi kabla haijafika kwenye chipu. Kila bodi ina vipingamizi vyake, na Linux haiwezi kuvijua bila kuambiwa. Linganisha na namba unazoziona ndani ya BIOS, kisha tengeneza faili `/etc/sensors.d/bodi.conf`:

`chip "nct6798-*"`
`    label fan2 "Feni ya prosesa"`
`    label fan1 "Feni ya kasha"`
`    ignore temp4`

Namba ya feni ithibitishe kwako mwenyewe: zima mashine, chomoa feni ya kasha, washa, uone ni mstari upi umeshuka hadi sifuri. Kwenye bodi za ASUS ya prosesa mara nyingi ni fan2, lakini hakikisha. Na ukiandika skripti yoyote, usiitegemee namba ya `hwmon3` au `hwmon4`. Namba hizo hugawiwa kwa mpangilio ambao draiva zimepakiwa na zinaweza kubadilika ukiwasha upya. Tafuta kwa jina:

`grep . /sys/class/hwmon/hwmon*/name`

Ndani ya folda hizo ndimo `sensors` inamosoma kila kitu. `temp1_input` ikiwa 61250 maana yake nyuzi 61.25. Hakuna uchawi mwingine.

Kwa wengine watakaosoma hapa wakiwa na mashine tofauti, kwa ufupi. Bodi zenye chipu za ITE hutumia draiva `it87`, na chipu mpya nyingi za ITE hazimo kwenye kerneli ya kawaida. Kuna draiva za nje, ila Secure Boot, ulinzi wa BIOS unaokubali programu zilizosainiwa tu, ikiwa imewashwa moduli isiyosainiwa itakataliwa kwa maneno "Key was rejected by service". Secure Boot hiyo hiyo huweza kumfungia `sensors-detect` mlango wa `/dev/port`, akasema hakuna chipu wakati ipo. Laptopu nyingi feni yake iko chini ya kidhibiti cha ndani na `sensors-detect` haitaiona. Jaribu `thinkpad_acpi` kwa ThinkPad au `dell_smm_hwmon` kwa Dell. Kama Linux yako inakaa ndani ya mashine pepe, acha kutafuta, kwani humo hamna kihisi cha kweli. Na diski za SATA, ambazo bila shaka ndizo zimebeba harusi zako, husomwa na moduli ya `drivetemp` iliyoingia kwenye kerneli 5.6 mwaka 2020. Ni `sudo modprobe drivetemp` tu.

Sasa turudi kwenye kuzima.

Ulitafuta RPM ya feni ili ujue kama mashine inapata joto. Lakini joto lenyewe unalo: mstari wa Tctl chini ya k10temp. Hicho ni kihisi kilichomo ndani ya prosesa, hakipiti kwenye chipu ya Nuvoton, hakina mgogoro na BIOS. Baadhi ya Ryzen za mwanzo, kama 1700X na 1800X, ziliongeza nyuzi 20 za bandia kwenye Tctl na kuwatisha watu, lakini 5600X haina hayo. Ikisema 88, amini 88. Kikomo chake ni nyuzi 95.

RPM isingekupa jibu peke yake. Niliwahi kuletewa mashine ya studio ikiwa na malalamiko kama yako. Feni ya prosesa ilizunguka vizuri, namba zote nzuri. Nilipoivua ile feni nikakuta kati yake na mapezi ya alumini pamelala vumbi lililoshikamana kama kipande cha blanketi, unaweza kulibandua kwa kucha likatoka zima. Feni ilikuwa inazunguka mbele ya ukuta. Hewa haipiti hata kidogo, na RPM haina namna ya kukwambia hivyo. Kwa hewa ya pwani, yenye chumvi na unyevu, vumbi hushika haraka zaidi kuliko bara, na pesti inayopakwa kati ya prosesa na kipozeo nayo hukauka.

Kwa hiyo leo hii, kabla hata ya kupakua kerneli, fungua terminali na uandike:

`while true; do date; sensors 'k10temp-*'; sync; sleep 2; done >> ~/joto.txt`

Lile neno `sync` usiliache. Mashine ikizima ghafla, maandishi ambayo hayajafika kwenye diski hupotea, na wewe unayataka hayo ya sekunde za mwisho. Kwenye terminali ya pili weka kadi ya picha, kwa sababu draiva ya NVIDIA haijionyeshi kwenye `sensors`:

`nvidia-smi --query-gpu=timestamp,temperature.gpu,power.draw --format=csv -l 2 | tee -a ~/kadi.txt`

Hii ya pili haina `sync` yake, ila ile ya kwanza inasukuma kila kitu kwenye diski, hata maandishi ya mwenzake. Kisha anza kurenda, mchana, dirisha na feni ya chumba vikiwa kama unavyoviacha siku zote. Iache ife.

Ikiwaka tena, soma `tail -n 20 ~/joto.txt`. Tctl ikiwa ilipanda hadi 95 ikakaa hapo dakika kadhaa, na kazi ikawa nzito kabla ya kuzima, ni upoaji. Vua kipozeo, safisha, paka pesti mpya, angalia pia kama skrubu nne za kipozeo zimekaza sawasawa. Lakini mistari ya mwisho ikisema 70 au 75, acha kumlaumu prosesa. Prosesa za sasa zikizidiwa na joto hupunguza kasi kwanza. Kukatika ghafla, bila kasi kushuka na joto likiwa la kawaida, kwangu mimi kunanipeleka moja kwa moja kwenye pawa saplai, au kwenye umeme wa ukutani. Angalia kwenye `kadi.txt` ni wati ngapi kadi ilikuwa inavuta dakika ile. Prosesa na kadi zikivuta pamoja, pawa saplai dhaifu hukata, na mchana ndani ya kasha lenye joto hukata mapema zaidi. Umeme wa mtaani unaoyumba nao hufanya hivyo hivyo: uliza kama taa za nyumba zilififia wakati ule, na kama unaweza kuazima UPS ya mtu kwa siku moja, jaribu nayo.

Nitumie mistari ishirini ya mwisho ya mafaili yote mawili, pamoja na jina la pawa saplai na wati zilizoandikwa ubavuni mwake. Kerneli mpya unaweza kuipakua usiku bando likiwa rahisi.